Simu zakatakata ofisini na faiba iko sawa? Anza kwa kutafuta foleni iko wapi

Ofisi nyingi hapa Mombasa, za klaring kule Moi Avenue, mahoteli ya Nyali na Shanzu, mashule, zahanati, mpangilio wao wafanana sana: faiba inaingia kwa kiboksi cha mtoa huduma, kutoka hapo ruta, kutoka ruta swichi moja au mbili, alafu kwa hiyo swichi kumening'inia kila kitu, simu za mezani za IP, kompyuta, kamera, waifai ya wageni, mashine ya bakapu. Siku za mwanzo mambo huwa matamu. Watu wakiongezeka simu zaanza kukatakata, mikutano ya video yaganda, na fundi anaambiwa aweke QoS, yaani mpango wa swichi au ruta kuzitanguliza data zenye haraka kama sauti. Anaiwasha kwa swichi, hakuna kilichobadilika, ama mambo yanaharibika zaidi, na mwisho watu wote wanaamua QoS ni maneno ya vitabuni tu. Si maneno ya vitabuni, inafanya kazi na inafanya vizuri sana, lakini yataka iwekwe pahali pake.

Nitapita dalili moja moja na chanzo chake, ila kuna jambo moja lazima likae kichwani kwanza, manake ukilikosa hakuna amri ya swichi itakayokuokoa. Kipaumbele huwa na maana pale tu palipo na foleni. Yule askari anayepanga magari kwa feri ya Likoni anaweza kupitisha ambulensi mbele kwa sababu amesimama penye foleni yenyewe, mpeleke asimame Mwembe Tayari na hata awe hodari vipi hiyo ambulensi itangoja Likoni kama magari mengine. Sasa angalia ofisi yako: poti ya swichi inayoelekea kwa ruta ni giga 1, laini uliyonunua ni tuseme 20 Mbps. Hiyo poti haijai hata siku moja, kwa hivo foleni zake ziko tupu, kwa hivo ule mpango wako wote wa kipaumbele hauna pakiti (kipande cha data) ya kuipanga. Foleni yenyewe iko kwa kifaa cha mtoa huduma, ambacho hakijui ipi ni simu na ipi ni bakapu, na chenyewe hupanga kwa kufika au hutupa tu zilizozidi.

Hapo ndipo kushepu kunapoingia. Kushepu ni kuzishikilia pakiti kwa bafa (kumbukumbu ya kungojea) na kuziachilia kwa mwendo uliouchagua wewe, ukichagua mwendo mdogo kidogo kuliko ule wa laini, mfano 19 Mbps kwa laini ya 20, foleni yahama kutoka kwa kifaa cha mtoa huduma inakuja kwako, na kwako ndiko kwenye kipaumbele. Polisingi ni kitu chengine, yenyewe haishikilii, pakiti ikizidi kiwango yatupwa papo hapo ama yashushwa alama. Watu huzichanganya hizi mbili kila siku alafu wanashangaa mbona matokeo hayafanani. Na kumbuka kushepu ni kwa trafiki inayotoka kwenye poti, inayoingia huwezi kuishepu, imeshafika.

Kabla hujagusa konfigi

Pima kwanza, na upime wakati laini imejaa, sio saa moja asubuhi ofisi haina mtu. Fungua madirisha matatu ya ping: moja kwa ruta yako, moja kwa hatua ya kwanza ya mtoa huduma (utaipata kwa traceroute), moja kwa kitu cha mbali kama 8.8.8.8. Ziache zikimbie, alafu anza kupandisha faili kubwa. Ping ya ruta ikibaki chini ya milisekunde 2 na ile ya mtoa huduma ikaruka kutoka 5 mpaka 300 au 400, foleni umeiona kwa macho, iko baina ya ruta yako na wao, na dawa yake ni kushepu. Ikiwa hata ping ya ruta yako yaruka, shida iko ndani ya ofisi, usimpigie mtoa huduma simu bado. Rudia jaribio kwa kushusha faili, manake kupandisha na kushusha ni foleni mbili tofauti kabisa na hutibiwa pahali tofauti.

Vipimo vya kulinganisha: kwa sauti, pendekezo la ITU la G.114 lataka kuchelewa kusipite milisekunde 150 kwa upande mmoja, na mafundi wengi wa simu hushika jita (kule kubadilikabadilika kwa kuchelewa) isizidi milisekunde 30 na pakiti zinazopotea zisifike asilimia 1. Simu yenyewe haili sana. G.711, kodeki ya kawaida ya sauti, yatuma pakiti 50 kwa sekunde na ukihesabu vichwa vyote mpaka vya Ethernet yafika kama 87 kbps kwa kila upande, simu 10 kwa pamoja hazifiki hata 1 Mbps. Kwa hivo mtu akikwambia ofisi yataka laini kubwa zaidi ili simu zisikike, mwambie asubiri kidogo kwanza, simu hazikosi nafasi, zakosa zamu.

Dalili: wewe wamsikia mteja vizuri, yeye akusikia vipandevipande

Hii ndiyo ya kila siku na ndiyo yenye dawa safi kuliko zote. Sauti yako ndiyo inayopanda, kwa hivo kinachojaa ni upande wa kupandisha. Angalia nani anapandisha: kamera zinazotuma picha kwa wingu, bakapu iliyopangwa saa nne asubuhi badala ya usiku, simu za wafanyikazi zikipandisha picha zikishika waifai tu, na kwa ofisi za klaring kuna zile skani za hati, mtu anascan kurasa 80 kwa rangi alafu anazituma kwa barua pepe moja.

Dawa ni kushepu poti inayotoka kuelekea kwa mtoa huduma, na ndani ya ile shepa kuweka foleni ya sauti yenye kipaumbele. Kwa swichi kama Catalyst 9300 ni sera mbili, ya nje ina shepa na ya ndani ina foleni (dscp ni alama iliyo kwenye pakiti, ef ni ile ya sauti yaani 46, cs3 ni 24, ya siginali za kuanzisha na kukata simu):

class-map match-any SAUTI
 match dscp ef
class-map match-any SIGINALI
 match dscp cs3
policy-map NDANI
 class SAUTI
  priority level 1
 class SIGINALI
  bandwidth remaining percent 10
 class class-default
  bandwidth remaining percent 90
policy-map NJE
 class class-default
  shape average 19000000
  service-policy NDANI
interface GigabitEthernet1/0/24
 service-policy output NJE

Kisha angalia kwa show policy-map interface GigabitEthernet1/0/24, ukiona pakiti zaongezeka kwa SAUTI mtu akipiga simu basi umefika. Foleni ya kipaumbele iwekee kikomo, usiiache wazi kama ilivyo kwenye mfano huo, manake chochote kitakachoingia humo kikiwa na alama ya EF kitapita mbele ya wote, na kompyuta moja yenye virusi au programu isiyo na adabu inaweza kuwanyima wenzake hewa kabisa. Hesabu simu zako kwa wakati wenye shughuli, zidisha kwa 90 kbps, ongeza kidogo, hicho ndicho kikomo.

Sasa hapa kuna mtego na wengi wameingia. Ukiishepu poti ya swichi inayoelekea kwa ruta, na hiyo ruta ndiyo inayopitisha trafiki baina ya VLAN zako (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi) kwa kebo hiyohiyo moja, basi hata mtu wa VLAN ya uhasibu akichukua faili kwa seva ya VLAN nyengine atapitia kwenye ile 19 Mbps, na utaanza kupigiwa simu kwamba seva imekufa. Ikiwa mpangilio wako ni huo, shepa iweke kwa poti ya nje ya ruta, ama kwa swichi iliyo baina ya ruta na kifaa cha mtoa huduma, sio kwa ile ya ndani.

Kwa swichi za zamani kama 2960 hakuna shape average kwa poti. Kuna srr-queue bandwidth limit, ambayo hupokea asilimia kutoka 10 mpaka 90 ya spidi ya poti, na hata hiyo si sahihi sana manake mashine yenyewe huisogeza kwa hatua za sita sita. Kwa laini ya 20 itabidi poti iwe ya 100 Mbps kwanza, alafu uweke limit na upime kwa iperf3, programu ya kupima spidi, imetulia wapi hasa. Yawezekana, lakini mimi kwa hali hiyo ningeshepu kwa ruta nikaiacha 2960 ifanye kazi ya kulinda alama tu.

Dalili: yeye akusikia vizuri, wewe ndiye humsikii

Huu ni upande wa kushusha na ni mgumu zaidi kwa sababu foleni iko kwa mtoa huduma na wewe uko mwisho wa bomba. Unachoweza ni kushepu pakiti zinapotoka kwa ruta kuingia ofisini, kwenye poti ya ndani, chini ya spidi ya laini, mfano 18 kwa 20. Mashine zinazoshusha kwa TCP, njia ya kutuma inayongoja majibu, zitaona majibu yamechelewa ama pakiti zimepotea, zitapunguza mwendo zenyewe, na foleni ya kule kwa mtoa huduma itapungua. Kwa UDP, isiyojali majibu, haisaidii sana. Ruta zenye fq_codel au cake, mbinu za kupanga foleni zenyewe, kama zile za OpenWrt na MikroTik za RouterOS 7, hufanya kazi hii vizuri ajabu bila ya kuandika madarasa mengi, na kwa ofisi ya watu 15 nawashauri waanzie hapo kabla ya kununua swichi ghali.

Dalili: umewasha QoS kwa 2960 na mambo yameharibika zaidi

Hii inaumiza sana kwa sababu mtu amejitahidi, amesoma, amewasha, na sasa hata waliokuwa hawana shida wana shida. Chanzo si kimoja, ni vitatu na vyaja pamoja pindi unapoandika mls qos, amri ya kuwasha QoS kwa swichi hizo.

Cha kwanza, swichi ikiwa na mls qos imezimwa hupitisha alama jinsi zilivyo. Ukiiwasha, kila poti yawa haiaminiki mpaka useme vyengine, na pakiti ikiingia kwa poti isiyoaminika alama yake yafutwa iwe 0. Yaani simu yako ilikuwa yatia 46 vizuri kabisa na swichi ndiyo imeifuta. Poti za simu wekea mls qos trust cos au mls qos trust dscp (cos ni alama iliyo kwenye fremu, dscp ni iliyo kwenye pakiti), na poti zinazounganisha swichi kwa swichi na swichi kwa ruta wekea mls qos trust dscp, usisahau hizi za baina ya swichi manake alama ikifutwa njiani kote kwengine ni bure.

Cha pili, bafa ya poti ilikuwa ya wote, sasa imegawanywa mafungu manne sawasawa, na trafiki ya kawaida yote yenye alama 0 inaangukia foleni ya 2 peke yake. Kwa hivo data ya ofisi nzima yabaki na robo ya bafa na pakiti zaanza kutupwa ambapo jana hazikutupwa. Hapa ugawe upya kwa mls qos queue-set output, foleni ya 2 iongezewe.

Cha tatu ndicho kinachofichika zaidi. Foleni ya 1, ile ambayo CoS 5 huingia, kwa konfigi ya kiwandani imeshepiwa kwa uzito wa 25, na kwa shepa ya SRR, utaratibu wa swichi wa kugawa zamu za foleni, uzito ni kinyume, 25 maana yake moja juu ya 25, yaani asilimia 4 ya poti. Kwa poti ya 100 Mbps ni 4 Mbps. Sauti tupu inatosha, lakini ukiipeleka video ya mkutano kwenye foleni hiyohiyo itakabwa shingo na utaapa laini ndiyo mbovu. Andika priority-queue out kwa poti, ukifanya hivo foleni ya 1 yawa ya kipaumbele cha kweli na ule uzito wa shepa haufuatwi tena.

Na unapoangalia show mls qos interface gi0/24 statistics, jua pale foleni zahesabiwa kuanzia 0 mpaka 3, wakati kwa konfigi ni 1 mpaka 4. Queue 1 ya kwenye takwimu ni foleni ya 2 ya konfigi. Mtu akiona namba kubwa za pakiti zilizotupwa kwa queue 1 akadhani ni sauti, atakesha akirekebisha foleni isiyo na tatizo.

Dalili: konfigi iko sawa lakini kaunta ya sauti haisongi

Shepa ipo, foleni ipo, watu wanaongea kwa simu, na darasa la SAUTI liko sufuri. Pakiti zafika bila ya alama unayoitafuta, basi, na kazi yako ni kufuata alama ilipopotelea. Nasa pakiti kwa Wireshark karibu na simu ukiwa na kichujio ip.dsfield.dscp == 46, alafu nasa tena upande wa ruta. Kwa mashine ya Linux waweza kutumia tcpdump -ni eth0 'ip[1] & 0xfc == 0xb8'. Ukiiona karibu na simu na huioni kule mbele, kuna swichi katikati inaila.

Visababishi ninavyovikuta mara kwa mara. CoS iko ndani ya tagi ya VLAN ya 802.1Q, bits tatu tu, kwa hivo fremu isiyo na tagi haina CoS kabisa, na kama umeandika trust cos kwa poti ambayo simu yake haikupata VLAN ya sauti, swichi itaisoma kama 0. Angalia simu imeshika VLAN ya sauti kweli, kwa LLDP au CDP (itifaki za vifaa kujitambulishana), usiamini konfigi ya poti tu. Pili, kwa hizi Catalyst za zamani ramani ya kiwandani hubadilisha CoS 5 kuwa DSCP 40, sio 46, na sera yako kwa ruta inatafuta EF ambayo ni 46, kwa hivo haioni kitu. Mstari mmoja wamaliza: mls qos map cos-dscp 0 8 16 24 32 46 48 56. Tatu, mls qos trust device cisco-phone huamini poti ikiwa tu imeitambua simu ya Cisco, ukiweka simu ya kampuni nyengine poti yabaki haiaminiki na hakuna ujumbe wowote utakaokwambia. Nne, siginali za SIP, itifaki ya kuanzisha na kukata simu, kuna simu hutia 24 na kuna simu hutia 26, ukichuja cs3 peke yake zile za 26 zaangukia kwa trafiki ya kawaida, na dalili yake ni simu inayochelewa kulia au kukata ingawa sauti ikishashika ni safi.

Na kuna programu za simu kwa kompyuta. Windows haitii DSCP kwa programu jinsi programu inavyotaka, yataka sera ya QoS kwa Group Policy ikitaja programu na alama yake. Usitegemee kila mtu aweke mwenyewe. Njia rahisi zaidi ni swichi yenyewe itie alama poti inapoingia, kwa kuangalia namba za poti za UDP za seva yenu ya simu, Asterisk kwa mfano hutumia 10000 mpaka 20000 kwa sauti kama hukubadilisha. Lakini weka na anwani ya IP ya seva, sio poti peke yake, manake kuna programu nyingi sana zatumia poti hizo.

Dalili: mtu mmoja hapati hata nusu ya spidi aliyowekewa

Hapa mara nyingi ni polisingi yenye basti ndogo, yaani baiti chache zinazoruhusiwa kupita kwa mkupuo. Umeandika police 20000000 8000 ukidhani umempa 20 Mbps. Zile baiti 8000 kwa mwendo wa 20 Mbps ni milisekunde 3.2 tu za trafiki, na TCP haitumi kwa utaratibu wa matone, hutuma kwa mafungu, kila fungu likizidi hapo latupwa, TCP yakata mwendo nusu, yapanda tena, yatupwa tena, na mwishowe mtu anapima anapata 7 au 8 wakati mtandao uko mtupu. Ongeza basti. Hesabu iliyozoeleka kwa polisa (vifanyavyo polisingi) za Cisco ni spidi gawa kwa 8 zidisha kwa 1.5, kwa 20 Mbps yakuja baiti 3,750,000, na kwa swichi za 2960 kikomo ni 1,000,000 kwa hivo weka hapo hapo juu kabisa upime. Ikiwa kifaa chakubali kushepu, shepu badala ya polisingi, TCP yapenda kucheleweshwa kidogo kuliko kutupiwa pakiti.

Na hii ndiyo sababu nasema shepa yako iwe chini ya laini hata kwa kiasi kidogo. Mtoa huduma akiwa na polisa upande wake, na vifaa havihesabu baiti kwa njia moja (kila fremu ya Ethernet ina baiti 20 za nafasi na utangulizi ambazo vifaa vingi haviziweki kwa hesabu), ukiweka 20 kamili kwa laini ya 20 utakuwa unagusa polisa yake kila mara na simu itaendelea kukwaruza, mtu atasema shepa haifanyi kazi. Anza na asilimia 95, ikiwa bado teremka mpaka 90.

Dalili: MikroTik, foleni imeandikwa lakini trafiki yote yapita pembeni

Kaunta ya simple queue iko sufuri ama yaonyesha kidogo sana. Angalia firewall kama kuna sheria ya fasttrack, njia ya mkato ya kupitisha pakiti, konfigi ya kiwandani huja nayo. Miunganisho ikishaingia fasttrack hairuki simple queue moja, yaruka zote. Izime: /ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection], na ujue CPU itapanda kiasi, kwa ruta ndogo tazama isifike 100. Kitu cha pili ni zile swichi za CRS ambazo trafiki ya bridge yapitia kwenye chipu bila kufika kwa CPU, foleni za CPU haziwezi kuiona, kwa hivo ama utumie vikomo vya chipu yenyewe ama uifanye kazi ya foleni kwa ruta.

Dalili: pakiti zatupwa na grafu yasema poti iko asilimia 5

Watu hugombana kuhusu hii, mmoja aonyesha grafu mwengine aonyesha kaunta, na wote wana haki. Namba ya poti kwa show interfaces ni wastani wa dakika 5 kama hujabadilisha, na mafungu yanayojaza bafa huishi milisekunde kadhaa tu. Seva iliyo kwa giga 1 ikimtumia mtu aliye kwa poti ya 100 Mbps baiti 100,000 kwa mkupuo, zaingia kwa milisekunde 0.8 na kutoka zataka 8, muda huo wote zakaa kwa bafa, na ikiwa watu wawili wataka kitu kutoka poti hiyohiyo bafa yajaa na zilizobaki zatupwa. Weka load-interval 30 ili uone karibu zaidi. Ikiwa poti ya 100 yaweza kupandishwa iwe giga, ipandishe. Kwa Catalyst 3850 na 9300 kuna qos queue-softmax-multiplier 1200 inayoiruhusu poti kukopa bafa zaidi ya pamoja. Usiifanye bafa kubwa kupita kiasi kwa foleni ya sauti, pakiti ya sauti iliyongoja milisekunde 200 ni kama iliyopotea.

Dalili: simu za mezani ziko sawa, za waifai ndizo zinazokatika

Vifaa vingi vya waifai huchukua bits tatu za mbele za DSCP kujua daraja la hewani, na EF yaani 46 ikifanyiwa hivo yatoka 5, ambalo ni daraja la video, si la sauti. RFC 8325 ya mwaka 2018 yapendekeza EF iende kwa 6. Angalia kama kifaa chako kina ramani ya kubadilisha, na WMM, ile QoS ya waifai, iwe imewashwa.

Na kuna ambazo si QoS hata kidogo

Poti inayotakiwa kuwa giga ikishika 100 peke yake, shuku kebo kwanza, giga yataka jozi zote nne na 100 yataka mbili tu. Huku kwetu hewa ya chumvi hula vichwa vya RJ45, hasa kwa majengo yaliyo karibu na maji na kabati za nje za kamera, utaona kwa show interfaces counters errors makosa ya FCS (fremu zilizoharibika njiani) yakipanda. Kichomoe, kitazame kwenye mwanga, ukiona kijani kwenye shaba kata ukipige upya. Upande mmoja ukilazimishwa full duplex na mwengine uko auto, ule wa auto huangukia half (kutuma na kupokea kwa zamu), na hapo late collisions zitakujulisha. Simu ikiunganika na hakuna sauti kabisa upande mmoja tangu mwanzo, sio vipandevipande bali kimya, tazama NAT (ubadilishaji wa anwani) na SIP ALG ya ruta, kile kipengele kinachoingilia siginali za SIP, kukizima mara nyingi ndio dawa.

Alafu kuna siku ambazo ping ya ndani na ya mtoa huduma ni safi lakini kila kitu cha ng'ambo kimelala. Kebo za chini ya bahari kama SEACOM na TEAMS za 2009 na EASSy ya 2010 zatua hapahapa Mombasa, na Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja kusini mwetu, Afrika Mashariki nzima ilihisi. Siku kama hiyo usianze kubadilisha shepa, utaharibu konfigi nzuri. Ngoja njia zirudi ndio upime.

Dalili: ilikuwa sawa, stima ikapotea, sasa imerudi ilivyokuwa

Konfigi haikuhifadhiwa. Kwa Cisco andika copy running-config startup-config kila baada ya kupima na kuridhika, MikroTik hujihifadhi yenyewe. Na ikiwa konfigi bado ipo, tazama kama mtu aliyewasha vifaa baada ya stima kurudi alirudisha kebo kwa poti ileile, manake sera imekaa kwa poti ya 24 na kebo sasa iko kwa ya 22.

Dalili: kifurushi kimeongezwa mpaka 50 na bado mwapata 19

Ni ile shepa yako, inafanya kazi iliyotumwa. Ibadilishe iwe kama 47000000, rekebisha na kikomo cha foleni ya sauti, na kwa poti yenyewe andika description ISP 50M SHEPA 47M, ili fundi atakayekuja baada yako aione anapofungua tu.